Kitabu cha marehemu babu nimekikuta Google, kimeskaniwa Marekani bila kutuuliza. Hii ni halali kweli?

BintiMuheza

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani wiki nzima ni mabishano tu.

Babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka 1974 akatoa kitabu cha hadithi pale Dar, kurasa mia na ishirini hivi, sio kitabu cha kujulikana nchi nzima ila wakati ule wa elimu ya watu wazima kilisomwa kiasi chake. Aliyekichapisha alishafunga duka zamani. Babu katutoka 1998. Nakala moja mjomba alimuazima mtu wa ofisini kwake, yule mtu akahamishiwa Mbeya kitabu kikahama naye, nyingine ilikuwa kwenye sanduku uvunguni kwa bibi tukaja kukuta mchwa wamebakisha jalada. Kwa hiyo sisi wajukuu kitabu tunakijua kwa kusimuliwa. Bibi mpaka leo anasema babu alimtia humo kwa jina lake kabisa na sisi tunamchekaga tunaona ni stori za bibi.

Juzi niko kwenye daladala foleni ya Ubungo, nikaandika jina la babu Google kwa kuchezea simu tu. Heh! Kitabu hiki hapa. Jina lake, mwaka ule ule, na chini wameandika nakala ni ya chuo kikuu cha Marekani na imeingizwa kwenye mtandao 2008. Ukitafuta neno hupewi kurasa, unapewa vipande vya mistari mitatu minne, kama gazeti lililofungiwa maandazi, unasoma unanogewa halafu limechanika hapo hapo.

Mjomba anasema tutafute wakili tudai, Google wana hela na hawakumuomba mtu. Mama anasema tuachane nayo. Mimi nauliza tu, kisheria imekaaje? Na kuna namna ya kukipata chote?

Kitabu_Mtumba

Wezi hao hakuna jina lingine. Mimi nauza vitabu vya mtumba mjini mwaka wa kumi na sita huu, nikitoa kopi kitabu cha mtu nikauza ninakamatwa, wao wameskani mamilioni wanaitwa wabunifu. Muungeni mkono mjomba.

SheriaKiganjani

Pole na hongera dada, pole kwa mchwa hongera kwa kukiona. Kabla mjomba hajauza ng'ombe wa kumlipa wakili naomba mnisome, hii kesi niliisoma mpaka nikaota.

Desemba 2004 Google walitangaza kwamba wanaskani vitabu vya maktaba kubwa, wakaanza na Michigan, Harvard, Stanford, Oxford na maktaba ya umma ya New York. Hawakumuomba mwandishi hata mmoja, msimamo wao ulikuwa asiyetaka aseme tutamtoa, ndo maana waandishi wakachukia, yaani mtu anaingia shambani kwako halafu anasema kama hutaki ungeweka kibao. Septemba 2005 chama cha waandishi cha Authors Guild kikaenda mahakamani New York, mwezi uliofuata wachapishaji wakubwa nao wakafungua yao.

Sasa hapa sikiliza maana panakuhusu. 2008 walitaka kumalizana nje ya mahakama kwa dola milioni 125, na kitabu kilichokuwa kimeshaskaniwa mwenye haki angepata walau dola 60. Kwa namna mkataba ule ulivyoandikwa hata mzee wako angeweza kuingia. Ujerumani na Ufaransa wakaja juu kwamba mbona mnagawana mali za watu wetu kwenye mahakama yenu, wakaurekebisha 2009, ukabaki kwa vitabu vilivyosajiliwa Marekani na vya Uingereza, Kanada na Australia. Sisi huku tukatolewa kimya kimya bila hata kujua tulikuwemo. Halafu Machi 2011 Jaji Denny Chin akaukataa wote kwamba sio wa haki, ungeipa Google mamlaka juu ya vitabu ambavyo wenyewe hawajulikani walipo. Kwa hiyo ile dola 60 hakuna.

Kesi ikaendelea kwa swali moja tu, je kuskani bila ruhusa ni matumizi ya haki, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu bila kumuomba mwenyewe? Sheria yao ya 1976 inamtaka jaji aangalie mambo manne: umetumia kwa lengo gani na umeleta kitu kipya au umerudufu tu, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na soko la mwenyewe umeliharibu vipi. Hakuna hesabu ya kwamba ukipata matatu umeshinda, anayapima kwa pamoja.

Novemba 2013 Chin akasema Google wako sawa. Oktoba 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye, hukumu akaandika Jaji Pierre Leval, na huyu mzee sio wa mchezo maana mwaka 1990 ndiye aliyeandika ile makala kwenye jarida la sheria la Harvard ambayo majaji wenzake waliifuata kuhusu hiki kitu cha kuleta kitu kipya. Aprili 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Ndo mwisho wa reli.

Kilichowaokoa Google ni hivyo vipande unavyovilalamikia. Ukurasa umegawanywa mara nane. Ukitafuta neno unapata vipande vitatu tu, na ukirudia neno lile lile kesho unaletewa vile vile. Kila ukurasa kuna kipande kimoja kimezibwa moja kwa moja, na kila kurasa kumi kuna ukurasa mzima umezibwa, utafute usitafute hautoki. Kamusi na vitabu vya mapishi hawaonyeshi vipande kabisa, maana mtu wa kamusi akishaona mistari mitatu shida yake imekwisha. Upande wa waandishi wakaajiri watu wakae wapekue neno baada ya neno waone wataiba kiasi gani, walichoweza kuokota ni asilimia 16 ya kitabu, tena vipande visivyofuatana. Leval akasema hakuna mtu wa kuacha kununua kitabu kwa ajili ya hivyo. Yaani walichoruhusu ni kukuonyesha kitabu kipo na kinazungumzia nini, kukupa kitabu hapana.

Kwa hiyo mwambie mjomba kuskani kulifanyika Marekani, kwa sheria ya Marekani, na swali limeshajibiwa mpaka juu. Hapo hamna hela.

Kitabu_Mtumba

Mkuu umeandika vizuri ila hujanijibu. Kwani mimi nikitoa kopi kitabu kizima nikakifungia kabatini halafu nikawa nawasomea wateja mistari mitatu mitatu, nitaachwa?

SheriaKiganjani

@Kitabu_Mtumba hahaha, swali lako ndo lile lile Authors Guild walilouliza, kwamba kopi nzima nzima imekaa kwenye kompyuta za kampuni ya biashara, hiyo inakuwaje haki. Mahakama ikasema bila kopi nzima hiyo mashine ya kutafuta haifanyi kazi, tuangalie mteja anapata nini mwishoni. Mimi binafsi naona walipita ukingoni kabisa, na hata Leval mwenyewe alikiri kesi hii inagusa mpaka. Ila ukitaka kuona mpaka wenyewe uko wapi waangalie Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni ya Marekani. Wao walikuwa wanaazimisha kitabu kizima kilichoskaniwa, nakala moja ya karatasi kabatini mtu mmoja kwenye mtandao, wakati wa korona Machi 2020 wakaondoa hata hicho kikomo, Juni wakashtakiwa na wachapishaji wanne, 2023 wakashindwa kwa Jaji Koeltl, Septemba 2024 wakashindwa na rufaa, vitabu zaidi ya laki tano vikatolewa kwenye kuazimisha. Kuskani ni kule kule, ila Google wanaonyesha vipande, Archive walikuwa wanatoa kitabu kizima.

Mlyon_wa_Tanga

Shem hapo kwenye "hamna hela" umeharakisha. Mimi naishi Ufaransa, huku Google walishindwa. Desemba 2009 mahakama ya Paris iliwaamuru wailipe kampuni ya uchapishaji ya La Martinière euro laki tatu na wakiendelea ni elfu kumi kila siku, vipande vilikuwa vile vile. Tofauti ni nini? Huku hakuna kitu kinaitwa jaji apime mambo manne, kuna orodha ya ruhusa, kama haumo kwenye orodha haumo. Google wakasema sisi tuko kwenye ile ya kunukuu kifupi, mahakama ikasema hapana. Baadaye walikuja kupatana lakini hukumu ilitoka. Kwa hiyo isiwe kila kitu tunasema "sheria" kama vile dunia nzima inahukumiwa New York.

Na sheria yetu nyumbani imekaa zaidi kama ya huku kuliko ya kule.

SheriaKiganjani

@Mlyon_wa_Tanga nakubali, nilifupisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na kweli ina orodha, nukuu, kufundishia, matumizi binafsi, sio ule mzani wa Wamarekani. Kenya nao wana ya kwao ya 2001, imekaa kwa mtindo wa sheria ya Uingereza. Ila Paris kulikuwa na mchapishaji hai mwenye mikataba na vitabu vinavyouzwa dukani leo. Hapa tuna kitabu cha 1974 kisichouzwa popote, na warithi ambao sijui hata kama wana barua ya mirathi. Dada, mirathi ya babu ilifunguliwa? Maana haki ya kitabu ni mali kama shamba, bado iko hai kabisa, kwetu ni miaka 50 baada ya kifo yaani mpaka mwisho wa 2048, na Marekani kwa kuwa Tanzania iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, 1994 kitabu chenu kinahesabiwa miaka 95 tangu kichapwe, mpaka mwisho wa 2069. Ila anayeizungumzia ni msimamizi wa mirathi, sio mjomba kwa sababu ana sauti kubwa.

Dogo_Kodi

Na hawa wa akili mnemba je? Nasikia wanalipa waandishi dola elfu tatu tatu. Kitabu cha babu si kimeshaliwa na maroboti?

SheriaKiganjani

Hiyo ni kesi ya Anthropic, kampuni ya akili mnemba ya Marekani. Juni 2025 Jaji Alsup alisema kununua kitabu cha karatasi, kukikata na kukiskani, na kuifundishia mashine, ni matumizi ya haki, ila kupakua vitabu vya wizi na kujiwekea maktaba hapana. Wakamalizana kwa dola bilioni 1.5. Walioingia ni vitabu vilivyosajiliwa ofisi ya hakimiliki ya Marekani, kwa hiyo Dogo usimpe mjomba matumaini mapya tafadhali.

MwalimuWaKisauni

Assalaam aleikum nyote. Nimesubiri mmalize pesa ndio niseme langu.

Mimi sioni, tangu nina miaka tisa. Nasoma kwa programu inayonisomea kwa sauti kwenye kompyuta, na kitabu cha karatasi kwangu ni kama tofali, nalishika, najua uzito wake, basi. Sasa kuna kesi ya pili hamjaitaja. Vyuo vile vilipopewa kopi na Google viliziweka pamoja kwenye kitu kiitwacho HathiTrust, kimeanza 2008. Authors Guild wakawashtaki nao 2011. Chama cha wasioona cha Marekani kikaomba kuingia kwenye kesi, na Juni 2014 mahakama ya rufaa ikasema kumpa asiyeona kitabu kizima, sio vipande, KIZIMA, ni halali. Fikirini mwanafunzi asiyeona siku ile kabla ya hukumu na siku ya pili yake, ni mamilioni ya vitabu.

Huku kwetu tumeupata Mkataba wa Marrakesh, ule wa vitabu kwa wasioona, Kenya tangu 2017, Tanzania 2020, kwa maneno unaruhusu hayo hayo. Lakini mkataba hauskani kitabu. Ruhusa tunayo, kitabu hakipo, nikitaka riwaya ya Kiswahili mwanangu anapiga picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu usiku akimaliza kazi zake za skuli, na programu inasoma "ng'ombe" kama vile imekabwa. Kwa hiyo ndugu yangu wa vitabu vya mtumba, unaposema wezi, sikukatazi, ila mimi huyo mwizi angenipitia na mimi.

Kitabu_Mtumba

Hapo mwalimu sina la kusema.

Mstaafu_wa_Maktaba

Mjukuu wangu BintiMuheza, nimekaa maktaba miaka 31 naomba nikusaidie pale wanasheria walipoishia.

Kwanza hujajiuliza kitabu kilifikaje huko. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yake kununua machapisho ya Afrika Mashariki, vitabu, magazeti, hata vijarida vya idara, nakala moja kwao na nyingine kwa vyuo vilivyojiandikisha. Vingi tulivyoviona takataka wao walivinunua kwa pesa taslimu. Babu yako yawezekana kabisa aliuza nakala kumi Marekani bila kujua. Baadaye 2007 kundi la vyuo kumi na viwili vya kule kati, Northwestern akiwemo na ile maktaba yake kubwa ya Afrika, likaingia mkataba na Google, kwa hiyo hiyo 2008 uliyoiona inaingia akilini.

Pili nenda HathiTrust mwenyewe. Andika jina la babu. Kitabu kitakuja, watakwambia hakifunguki kwa sababu ya hakimiliki, usikate tamaa, kuna sehemu ya kutafuta ndani. Hawakuonyeshi hata herufi moja, wamebana kuliko Google, ila wanakupa namba ya ukurasa na neno limetokea mara ngapi. Jaribu tahajia zote maana mashine inaposoma chapa ya zamani inakosea, na herufi ikiwa imefifia ndiyo kabisa.

Tatu, hao HathiTrust wana fomu, mwenye haki akiijaza na kuwaruhusu wanakifungua dunia nzima, bure. Msimamizi wa mirathi asaini. Lakini tafuteni kwanza mkataba wa babu na mchapishaji, kama alimuuzia haki zote ni habari nyingine, na kama alimpa kuchapa tu haki imerudi kwenu. Na fanyeni wakati mpo. Mwaka 2011 Michigan walitaka kuvifungua vitabu ambavyo wenyewe hawapatikani, wakatoa orodha, Authors Guild wakakaa siku chache tu wakampata mwandishi mmoja yu hai kabisa, na wengine warithi wao, mradi ukasimamishwa kwa aibu. Mimi ile habari iliniuma pande zote mbili, kwa sababu kuna vitabu wenyewe kweli hawapo na sasa vimebaki vimefungwa.

La mwisho, na hili ningelisema la kwanza. Umeshakwenda Mlimani, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana? Wachapishaji walitakiwa kupeleka nakala. Sikuahidi. Ila kutoka Ubungo ni pua na mdomo.

BintiMuheza

Shikamoo babu Mstaafu, na nyote asanteni sana. Nimesoma mara mbili.

Ripoti. Mirathi ilifunguliwa, msimamizi ni MAMA, mjomba kaambiwa hivyo jana mbele ya watu na amepoa, leo anasema yeye toka mwanzo alikuwa anataka heshima tu sio hela. Fomu tutaijaza mama akisharidhika, anaogopa kusaini vitu vya mtandaoni na simlaumu. Mkataba wa babu tunautafuta. Mlimani naenda Jumatatu nimeshaomba ruhusa kazini.

Sasa kubwa. Usiku nimeingia HathiTrust nikaandika jina la bibi. Jina lake ni la kikwetu sio la kukutana nalo kwa bahati. Hakuna kitu. Nikaandika lile la kwenye kitambulisho, hakuna. Nikakumbuka maneno ya Mstaafu nikaenda kumuomba bibi kadi yake ya zamani ya kliniki, humo wameandika kwa herufi mbili zaidi namna walivyokuwa wanaandika wamisionari, nikaiweka hiyo. Ukurasa wa 7, mara moja. Ukurasa wa 31, mara mbili. Ukurasa wa 58, mara SITA.

Nikarudi Google na tahajia ile ile. Ukurasa wa 31 kikaja kipande, bibi yuko sokoni anapima mchele kwa kopo na anamgombeza mtu kwamba kopo limebonyezwa chini, mistari minne tu lakini ni bibi mtupu, nilicheka mpaka nikalia. Ukurasa wa 58 hakuna kitu, nadhani ndo ule mmoja katika kumi uliozibwa.

Asubuhi nikamwambia bibi, ni kweli umo, ukurasa wa hamsini na nane umetajwa mara sita. Akanyamaza. Akacheka peke yake, akasema basi hiyo itakuwa ile habari ya mbuzi wa shemeji. Nikamwambia nihadithie. Mpaka muda huu naandika amegoma.